Filimbi Isiyofutwa

Baba yangu hana kelele. Akina baba wengine wakimkataa mchumba wa binti yao hutoka na panga, hutukana ukoo mzima, wengine hususa hata kula. Wangu mimi alikamua ndizi.

Jumamosi ile asubuhi nilimkuta uani ameinamia mtumbwi wa kukamulia, anazisokota ndizi mbivu kwa nyasi, povu limempanda hadi viwikoni. Tena anaimba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Pombe si imeshaiva tangu jana? Hizi nazo za nini? Nikuletee unga wa mtama?"

"Hizi hazitiwi mtama. Nataka juisi tu. Leo tuna mgeni hanywi pombe."

Nikasimama na ndoo yangu mkononi. Hapa kijijini Mabawe wasiokunywa nawajua wote. Ni wale waliokatazwa na daktari, na hao Jumamosi hawaji kwetu kwa sababu wanaogopa kushawishika.

"Mgeni gani huyo, baba?"

"Suleman wako," akasema, kwa upole kabisa. "Anaingia leo."

Ndoo ikanitoka. Maji yakamwagika yote miguuni mwangu, na baba hakuinua hata kichwa.

Sasa hapa lazima nieleze, maana asiye wa kwetu atashangaa binti mzima kuangusha ndoo kwa sababu mchumba wake anakuja kupiga filimbi.

Kwetu tuna kikundi cha filimbi za bati. Si hizi za refa. Hizi anazitengeneza Laurian fundi kwa vipande vinavyobaki mtu akiezeka nyumba. Anakata, anakunja, anatoboa matundu sita, mdomoni anaziba kwa kijiti. Tunapiga harusini, tunapiga msibani, mtoto akibatizwa tunapiga. Baba ndiye mkubwa wetu, na mimi ndiye niliyeingia mwisho. Anayeingia haji na filimbi yake. Anapokea ya yule aliyeingia mwisho kabla yake, imetoka kupulizwa sasa hivi, ina mate yake humo humo, na anaipuliza mbele ya wote. Ikifutwa, haihesabiki. Isipofutwa, basi huyo ameshakuwa ndugu yetu, ndugu wa mate, na ndugu wa mate hawaoani. Aliyeoa kwetu kwanza kisha akaingia hana neno, kaja akiwa mkwe. Lakini akitangulia kuingia, posa imekufa, hakuna padri wala shehe wa kuifufua.

Mnadhani ni mchezo? Frednand na Nice walikuwa wapigaji wetu, wakapendana, wakafunga ndoa kwa ubishi. Hakuna aliyewagusa. Hakuna aliyewatukana. Filimbi tu hazikwenda harusini kwao. Wakahamia Nemba, wakapata mtoto, mtoto akafariki, na filimbi hazikwenda kumzika. Nice hajawahi kurudi hata kumsalimia mama yake.

Kwa hiyo nilipomwambia Suleman kila alipotaka kuingia, bila kumweleza sababu, "Oa kwanza, filimbi baadaye," sikuwa namfanyia maringo. Nilikuwa najipigania.

"Baba," nikasema, "unajua Suleman anataka kunioa."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nini? Kijana anapenda filimbi. Nimfukuze?"

"Ndiyo! Mfukuze! Mfukuze kama baba wengine wanavyofukuza!"

"Nikimfukuza utamfuata," akasema, huku akizikamua nyasi. "Nakujua. Kichwa hicho umekitoa kwa mama yako."

"Nduwayo, mimi usinitaje," mama akasema kutoka jikoni. Mama yangu Febronia masikio yake yako kila mahali.

Baba akainuka, akajinyoosha mgongo. Ndipo nikaona kwamba hakuwa anafurahi, pamoja na kuimba kwake kote.

"Auleria, mama yake huyo kijana amesema mbele ya watu kule Biharamulo kwamba binti wa Nduwayo atakanyaga kwake siku atakapobadili jina. Jina hilo nilikupa mimi. La mama yangu aliyenizaa. Wewe ungenyamaza?"

Nami maneno hayo ya Mama Mwanaisha, mama yake Suleman, niliyasikia, nikayalilia, kisha nikayasamehe kwa sababu nilimtaka mtoto wake. Kumbe baba hakuwa na sababu ya kuyasamehe.

"Suleman hajasema hivyo," nikanong'ona.

"Hajasema. Ndiyo maana nimemkaribisha," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Nilikutana na Suleman harusini, Nyamahanga. Tulialikwa kupiga, naye aliletwa kupiga kinanda, ametoka mjini Biharamulo na spika mbili kubwa na miwani ya jua. Loo, alivyoringa! Katikati ya muziki umeme ukakatika, kinanda kikanyamaza, watu wakaguna. Sisi tukaanza. Suleman akatoka nyuma ya spika zake, akavua miwani, akaja kusimama mbele ya benchi letu mdomo wazi. Tulipomaliza akaniuliza mimi, kati ya watu wote, "Dada, hiyo sauti mnaitoa wapi?"

Nikamcheka. Naye akacheka. Ana mwanya, Mungu anisaidie, na Kiswahili chake ni kile laini cha watu waliozaliwa nacho, siyo changu hiki cha shule. Tangu hapo simu haikulala. Nilikuwa nikimpigia simu ananiambia, "Auleria, niwekee ile filimbi nisikie," nami naipuliza mpaka salio langu linakwisha. Akimaliza kusikiliza anavuta pumzi ndefu, anasema, "Nakupenda." Mimi mjinga nilidhani ile pumzi na lile neno vinatoka mahali pamoja.

Mchana nikaenda kumngoja barabarani, pale pikipiki zinaposhushia watu. Nilijipanga. Nitamwambia yote, atashtuka, atapanda pikipiki ile ile arudi, na kesho atamleta mjomba wake na posa. Nilishaona hadi kanga nitakayovaa.

Akafika. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa. Kabla sijafungua mdomo akamlipa dereva, na pikipiki ikaondoka.

"Mwite arudi!" nikasema. "Suleman, mwite, urudi nayo!"

"Hata salamu, mpenzi?"

"Salamu baadaye. Baba amekutega. Ukipuliza ile filimbi leo, mimi na wewe basi. Unanielewa? Basi! Tutakuwa ndugu wa mate, hatuoani mpaka tunaingia kaburini." Nikamweleza kila kitu haraka haraka, mate, undugu, Frednand, Nice, mtoto wa Nemba, huku nimemshika mkono wa shati hadi pasi ikaharibika.

Hakushtuka. Alitazama viatu vyake.

"Auleria," akasema, "najua."

"Unajua nini?"

"Yote. Mzee alinipigia simu akanieleza neno kwa neno. Hakunificha kitu."

"Alikwambiaje?"

"Aliniambia, 'Kijana, ukimtaka binti, walete wazee wako tukae, nami nitakataa, na mwakani mkirudi nitakataa tena. Ukiitaka filimbi, njoo Jumamosi, na hakuna atakayekuuliza dini yako.'"

"Na wewe ukaona Jumamosi ndiyo rahisi."

"Sikuona rahisi! Wallahi tena, sikuona rahisi. Chakula hakipiti, usingizi sina..."

"Umenenepa," nikamwambia.

Akafumba macho. Nilimuumiza, na nikafurahi kumuumiza, kisha roho ikaniuma mimi zaidi. Ndivyo ulivyo upendo ukiharibika, unamchoma mwenzio unaungua wewe.

"Nisikilize," akasema. "Mama ameapa nikikuoa nisikanyage kwake hata siku ya kumzika. Mzee Sabiti, baba yangu mimi, amekichukua kinanda changu akampa mtoto wa shangazi, anasema muziki ndio ulionipotosha. Nakaa dukani nauza masufuria, Auleria. Mtu anakuja, anagonga sufuria asikie kama ni zima, nami huo ndio muziki wangu wa kutwa. Sasa niambie, nikikuoa tutakaa wapi?"

"Popote! Tutapanga chumba. Biharamulo, Nyamahanga, popote. Nitalima, wewe utapata kibarua. Sihitaji harusi. Sihitaji hata kitanda, tutaanza na mkeka."

"Na kupiga, nitapiga na nani?"

Mimi nimemtajia chumba, shamba na mkeka, mwenzangu anatafuta wa kupiga naye.

"Utapiga na mimi," nikasema.

"Filimbi mbili, Auleria?"

Alisema taratibu, bila dharau hata chembe. Afadhali angenidharau.

"Wewe unajua kuliko mimi," akaendelea, na macho yake yakaanza kung'aa kama yalivyong'aa Nyamahanga. "Ile sauti haitoki kwa moja wala mbili. Zinatakiwa zote, kila moja imepinda kidogo kwa namna yake, zigongane mpaka kifua kinatetemeka. Tangu siku ile sijasikia kitu kingine. Dukani naisikia. Msikitini, Mungu anisamehe, naisikia. Nikienda na wewe, kila itakapolia nitakuwa mtu wa nje. Kama Frednand."

"Frednand ana Nice!"

"Ndiyo. Ana Nice."

Wanawake wawili waliokuwa wanapita na kuni wakatusalimia, tukaitikia wote wawili kwa adabu, wakaenda zao.

"Kwa hiyo mimi ni nani kwako?" nikauliza.

"Wewe ndiye ninayekupenda."

"Muongo."

"Nakupenda, Auleria. Na kila Jumamosi nitakuona."

"Kama dada!"

"Angalau nitakuona. Wengine hawapati hata hilo."

"Na siku nikiolewa na mtu mwingine, Suleman? Utakuja kunipigia filimbi?"

Akatazama kule pikipiki ilikoelekea.

"Nijibu! Si unataka undugu? Ndugu wanapigiana harusini. Utakuja?"

"Nitakuja," akasema.

Nikanyanyua mkono nimzabe kofi. Naapa nilitaka kumzaba. Mkono ulipofika ukakuta vumbi la barabara begani kwake, ukalipangusa. Yeye akaushika ule mkono, akaufinya kifuani pake, na moyo wake ulikuwa unakimbia vilevile kama zamani. Nikajua hanidanganyi. Ananipenda kweli, na haitoshi.

"Utanipa?" akauliza.

"Nini?"

"Filimbi yako. Mzee kasema usipotaka kunipa siingii, na hakuna wa kukulazimisha. Nimekuja kukuomba wewe, sikuja kumwomba yeye."

Hee! Baba yangu huyo. Hakuchinja. Alinipa mimi kisu nichinje mwenyewe.

Niliuvuta mkono wangu nikatangulia nyumbani, naye akafuata nyuma, mbali kidogo, watu wasiseme.

Wapigaji walikuwa wameshaanza kukusanyika uani. Mama akanivuta jikoni, akafunga mlango kwa mguu.

"Usimpe," akasema. "Sema unaumwa. Hakuna atakayekulaumu."

"Nisipompa atanioa?"

Mama akafikiri. Si mtu wa kudanganya, mama yangu, hata pale uongo unapohitajika.

"Atakuoa," akasema. "Hana pa kwenda. Atakuoa, na kila filimbi zikilia mahali atatoka nje akasimame peke yake, nawe utakaa unamtazama mgongo. Hatakuambia neno. Utajua tu."

"Sasa mama unanishauri nini?"

"Nakushauri usimpe. Mimi nimekuzaa, nataka uolewe na unayempenda. Hayo mengine nimekuambia ili usije ukasema sikukuambia." Akanifuta uso kwa upindo wa kitenge chake, akanisukuma nje.

Walikuwa wamekaa duara, benchi letu refu na viti vya kuazima. Baba akamkabidhi Suleman juisi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima, na Suleman akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Watu wakapenda. Laurian fundi akasema, "Huyu si yule wa kinanda? Leo umeme wako uko mdomoni, kijana," wakacheka wote, naye akacheka, ule mwanya ukaonekana. Nilitazama nyuso zao. Hakuna aliyemuuliza anaswali wapi, ni mtoto wa nani, anauza nini. Nikaona jinsi mabega yake yalivyoshuka, mtu aliyetua mzigo. Kwangu mimi hakuwahi kushusha mabega hivyo.

"Wa mwisho asimame," baba akasema.

Nikasimama. Nikapiga kile kipande cha kumkaribisha mtu, kifupi, mtoto mdogo anakiweza, na nikakipiga vibaya kwa sababu pumzi zilinikatikia njiani. Nikaishusha filimbi. Imelowa.

Suleman akaja mbele yangu, akakinga mikono.

Upindo wa kitenge changu ulikuwa tayari vidoleni mwangu. Nilishapanga hivyo tangu jikoni. Nipitishe mara moja tu, chap, kwa kidole gumba, nani angeona? Angepuliza, wangepiga makofi, na mimi ningejua moyoni kwamba haikuhesabika. Siku moja ningesimama niwaambie wote: niliifuta, huyu si ndugu yangu, nipeni mume wangu. Wangepiga kelele, baba angeumia, lakini njia ingekuwepo. Kitambaa kikagusa bati.

Suleman akaona. Akaniangalia, yale macho niliyoyapenda mimi, yamejaa machozi. Akatikisa kichwa. Kidogo sana, mtu wa pembeni asingeona kitu.

Usifute.

Laurian akakohoa. Baba akasema, "Auleria, mwanangu, kama hutaki..." na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na uhakika. Naamini wakati ule ningekataa angefurahi, mzee yule, pamoja na hila zake zote.

Nikaachia kitenge. Nikamwekea filimbi viganjani.

Akaipuliza. Ningependa kusema alikosea, akaaibika, kinanda si filimbi. Hapana. Alipiga vizuri. Alikuwa amejifunza kwa simu, kwa salio langu, kila pindo la ile sauti niliyokuwa nampigia. Alipofika mwisho wote wakaingia kwa pamoja, bati zikagongana, uani pakatetemeka, na Suleman akawa anapiga huku machozi yanamshuka mpaka kwenye matundu. Wote walipiga. Mimi tu nilikuwa sina cha kupiga, maana changu kilikuwa mdomoni mwake.

Ilipokwisha, mmoja mmoja akampa mkono. "Karibu ndugu." "Karibu ndugu yetu." Zamu yangu ikafika. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, hajapepesa macho.

"Karibu, kaka," nikasema.

"Asante, dada."

Alisema bila kusita. Nikatafuta machoni mwake kitu kidogo tu, majuto, hata ya kuigiza ningeyapokea. Alikuwa ameshageuka. "Fundi," akamwambia Laurian, anahema, anacheka, "pale mwisho, ulimi mnaugongaje? Naomba nionyeshe tena." Laurian akamwonyesha. Wakarudia pamoja, mara ya kwanza, mara ya pili, baba akawasahihisha.

Kwetu anayeingia hukaa karibu na aliyemkabidhi. Benchi lilikuwa limejaa. Nikasogea, akapata nafasi ya kukaa.